HESABU YA HATARI NA WAJIBU WA KARANI WA PWANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Bagamoyo)



Jambo tuliloombwa kulieleza, kwa jina lake, laweza kudhaniwa kuwa ni la wataalamu peke yao: yaani jinsi ya kuipima hatari kwa hesabu kabla haijafika, ili ama izuiwe, ama madhara yake yapunguzwe. Walakini si jambo la mbali. Lapita mezani petu mara nyingi kila mwaka, na pengine twalipiga muhuri na kulitia katika jalada bila ya kujua kwamba tumeshika roho za watu mikononi.

Twataka kusema juu ya ilani ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kila mmoja wetu aijua. Husema kwamba upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yanayofikia mita 2, yanatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa Pwani. Kisha huitaja mikoa: Tanga, Pwani pamoja na visiwa vya Mafia, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Chini yake huja mistari miwili mifupi. Wa kwanza husema, "Uwezekano wa kutokea", na mbele yake neno moja: mdogo, wastani, au mkubwa. Wa pili husema, "Kiwango cha athari zinazoweza kutokea", na mbele yake vile vile neno moja.

Wengi wetu husoma habari za upepo na mawimbi, tukatafuta kama mkoa wetu umetajwa, tukaiweka karatasi chini. Mistari ile miwili twaiona kuwa ni mapambo ya maandishi. Nasi twasema jioni hii kwamba mistari ile miwili ndiyo roho ya karatasi yote, na asiyeifahamu hajaisoma ilani.

MAANA YA MISTARI MIWILI

Hatari ina maswali mawili, wala halitoshi moja. Swali la kwanza: Je, jambo hili laelekea kutokea kwa kiasi gani? La pili: Likitokea, litaharibu kiasi gani? Mvua kulowesha nguo zilizoanikwa ni jambo la mara nyingi, na hasara yake ni ndogo. Kimbunga kuingia nchi kavu ni jambo la nadra, na hasara yake ni kubwa mno. Mtu atazamaye swali la kwanza tu atashughulika na nguo zake siku zote, asiwe na habari ya paa la nyumba. Naye atazamaye swali la pili tu atakaa ndani kwa hofu mwaka mzima, asiende shamba wala baharini. Mwenye busara huyapima yote mawili pamoja, kama mwuza duka apimavyo wingi wa bidhaa na bei yake ndipo ajue thamani ya mzigo.

Kwa kuyapima hayo mawili pamoja ndivyo Mamlaka hupata daraja tatu za onyo: Angalizo, Tahadhari, na Tahadhari Kubwa. Kwa hiyo ilani yaweza kupanda daraja ingawa uwezekano wake si mkubwa, kwa sababu athari zake zingekuwa nzito. Ajuaye hayo hatashangaa akiona onyo kali juu ya jambo ambalo huenda lisitokee.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1654 wanazuoni wawili wa Ufaransa, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya mchezo wa bahati uliokatizwa kabla ya kwisha, wakitaka kujua fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki; na katika barua zile ukapata nguvu msingi wa hesabu ya uwezekano. Mwaka 1693 Mwingereza Edmond Halley alichukua daftari la vizazi na vifo la mji wa Breslau, akafanya jedwali la kuonyesha kwa kila umri ni wangapi waelekeao kuishi mwaka mmoja zaidi. Tafadhalini angalieni jambo hili: Halley hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na daftari lililotunzwa vizuri na watu wengine. Bila ya mwandishi mwaminifu wa Breslau, elimu ya Halley isingepata pa kusimama.

Baadaye hesabu hiyo ikaingia katika mitambo mikubwa. Mwaka 1975 huko Marekani kulitolewa taarifa iliyoongozwa na Profesa Norman Rasmussen juu ya hatari za mitambo ya nguvu za nyuklia. Watu walikuwa wakiogopa zaidi kupasuka kwa bomba kubwa. Taarifa ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hatari ilikuwa katika hitilafu ndogo ndogo zifuatanazo na katika makosa ya wafanya kazi. Mwaka 1979 mtambo wa Three Mile Island ukaharibika, nao uliharibika kwa njia hiyo hiyo: vali moja ikakwama wazi, na watu wakasoma vibaya dalili zilizokuwa mbele yao.

"HAIJAPATA KUTOKEA"

Bwana Mwenyekiti, liko neno moja ambalo katika pwani yetu limekuwa kama ukuta wa kuizuia elimu hii: "Kwetu haijapata kutokea." Wengi wameambiwa tangu utoto kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, na kwamba Mungu ameiepusha pwani yetu.

Hebu tufungue kumbukumbu. Mwezi wa Aprili 1872, katika siku za mwanzo za utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu na majahazi yaliyokuwa bandarini yalivunjwa, na mikarafuu mingi mno ya Unguja ikang'olewa, hata biashara ya karafuu ikahamia Pemba kwa sehemu kubwa. Kimbunga hicho hakikukomea Unguja. Kilivuka mlango wa bahari kikaja hapa hapa Bagamoyo, na majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868, yakaangushwa. Basi mji huu ambao watu wake husema "haijapata kutokea" ndio ulioangukiwa na jambo lenyewe.

Miaka 80 ikapita. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kikaipiga Lindi. Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kikaja kutoka upande wa Madagaska, kikielekea pwani yetu ya Dar es Salaam. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia. Mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Kusini sehemu za Somanga. Yote manne yamekuja katika majira ya masika, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi ikiwa yaanza kushika. Mtu akiyatazama moja moja ataona bahati mbaya nne. Mtu akiyaandika katika daftari moja ataona kwamba yana majira yao.

Tufahamu pia maneno "mara moja katika miaka 100". Yatumikapo juu ya mafuriko, watu hudhani kwamba yakiisha kutokea mwaka huu, basi tumepewa amani ya miaka 99. La, hasha. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100, na mwaka ukiisha kura hupigwa upya. Mtumishi ajengaye nyumba yake bondeni, karibu na mto Ruvu au Msimbazi, naye akatumaini kuishi ndani yake miaka 30 hata baada ya kustaafu, hana nafasi 1 katika 100 ya kuyaona mafuriko hayo. Ana nafasi 26 katika 100, yaani zaidi ya robo. Hakuna miongoni mwetu awezaye kununua mashua akiambiwa kwamba katika kila nne moja itazama, lakini viwanja vya namna hiyo twavinunua na kuvipigania.

JOBO NA HIDAYA

Sasa twaja kwenye jambo gumu kuliko yote. Kimbunga Jobo mwaka 2021 hakikufika. Onyo lilitolewa, watu wakaambiwa wajihadhari, kisha kimbunga kikapungua nguvu kikafia baharini. Wako waliosema, "Tumetishwa bure." Mwaka 2024 Hidaya ikatangazwa, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Safari hii kimbunga kikafika.

Je, onyo la mwaka 2021 lilikuwa uongo? Asemaye, "Kuna nafasi 4 katika 10 ya kutokea," amesema pia kwamba kuna nafasi 6 katika 10 ya kutotokea. Lisipotokea hajasema uongo. Wala likitokea hajawa mtabiri. Hapimwi kwa siku moja. Hupimwa kwa siku nyingi. Kusanyeni siku zote ambazo aliwaambia "4 katika 10": ikiwa katika kila siku 10 za namna hiyo jambo limetokea kama siku 4, basi huyo ni mkweli, naye aaminiwe. Ikiwa limetokea siku 1 tu, basi huyo hutia chumvi. Ikiwa limetokea siku 8, huyo huficha hatari. Lakini kuyajua hayo hapana budi kuwa na daftari. Asiye na daftari huhukumu kwa jambo la mwisho alilolikumbuka, na kumbukumbu ya mtu hupenda kushika kicheko kuliko hesabu.

Nabii Yusufu, ambaye habari zake zajulikana na Waislamu na Wakristo pia, alifunuliwa hesabu kamili: miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa. Sisi hatukupewa ufunuo huo. Twapewa nafasi tu, na imetupasa kujenga maghala yetu kwa nafasi hizo.

MTI WA MATUKIO

Namna wataalamu wafanyavyo kazi yao si ngumu kufahamika. Huchora kitu wakiitacho mti wa matukio. Huanza na shina, yaani jambo la kwanza, kisha kila panapo ndiyo na hapana hutoa tawi, mpaka wafike kwenye majani ambayo ni mwisho wa habari: wamesalimika, au wamezama.

Tuuchore mti mmoja mdogo kwa ajili ya mvuvi wa ngalawa atokaye Bagamoyo, Kaole au Mlingotini. Hesabu tutakazotumia ni za mfano tu, ili njia ionekane. Hatukuzitoa katika taarifa yo yote. Tuseme katika siku 10 za kwenda baharini, siku 1 upepo mkali hutokea. Tuseme ilani humkosa mvuvi mara 1 katika 2. Tuseme tena chombo chake, kikikutwa na upepo huo, hushindwa mara 1 katika 5, ama kwa kupasuka tanga, ama mashine kuzima, ama maji kuingia kuliko yatolewavyo. Ili msiba utokee, matatu hayo hayana budi kukutana. Zidisheni: moja ya kumi, mara nusu, mara moja ya tano. Twapata 1 katika 100.

Mvuvi akisikia 1 katika 100 atasema ni kidogo, naye hakukosea kwa siku ile moja. Lakini hendi siku moja. Akienda siku 100 katika mwaka, nafasi ya kupita zote salama ni 99 katika 100 ikizidishwa kwa nafsi yake mara 100, nayo yabaki kama 37 katika 100. Yaani nafasi ya kukutwa na msiba japo mara moja ni 63 katika 100. Ndiyo maana watu wa kijiji kimoja waweza kusema kwa kweli kwamba bahari ni shwari siku nyingi, na papo hapo wawe na wajane wengi.

Sasa tutafute mahali pa kukata mti huu. Upepo hatuuwezi. Tukikitengeneza chombo, kikashindwa mara 1 katika 10 badala ya 1 katika 5, hesabu ya mwaka yashuka kutoka 63 mpaka kama 39. Ni kazi njema, lakini yataka mbao, misumari, mashine na fedha. Tukifanya ilani imkose mvuvi mara 1 katika 10 badala ya 1 katika 2, naye akiisikia akaacha kutoka, hesabu yashuka kutoka 63 mpaka kama 18. Na tukifanya yote mawili, yashuka chini ya 10. Angalieni, mabwana: tawi lililoshusha hesabu kuliko yote ni lile la habari kufika, na habari kufika ni kazi ya karani. Haitaki mbao. Yataka miguu, sauti na uaminifu.

Walakini lipo onyo moja juu ya hesabu hii. Kuzidisha namna ile kwafaa tu ikiwa mambo yale matatu hayategemeani. Katika pwani yetu hutegemeana. Mwenye ngalawa mbovu mara nyingi ndiye yule asiye na redio, na simu yake haina chaji, na akaa mbali na mbao za matangazo. Umaskini mmoja huyashika matawi mawili kwa mkono mmoja. Kwa hiyo hatari yake ya kweli ni kubwa kuliko ile ya karatasini, na wa kupelekewa habari kwanza ni yule aliye mgumu kufikiwa.

HESABU ISIYO YA KWELI

Hesabu yaweza kuokoa, na hesabu ya uongo yaweza kuua. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani kiitwacho Challenger kiliharibika angani mara baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Mwanasayansi Richard Feynman, aliyekuwa katika tume ya uchunguzi, alikuta jambo la kustaajabisha. Wakubwa wa ofisi walikuwa wakisema kwamba nafasi ya chombo kupotea ni kama 1 katika 100,000. Mafundi walipoulizwa, wengine wakasema kama 1 katika 100. Chombo kilikuwa kile kile. Hesabu ilibadilika kwa kupanda ngazi. Nasi twajua vizuri jinsi taarifa ilainikavyo kila ipandapo meza moja kwenda ya juu: neno "mbovu" likawa "yahitaji kuangaliwa", na "yahitaji kuangaliwa" likawa "yaendelea vizuri".

Karibu nasi zaidi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Habari za kwanza zilitaja mamia ya abiria. Tume ya uchunguzi, ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, ikahesabu zaidi ya 2,000. Zaidi ya maiti 200 zilipatikana, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Haukupita mwaka, na tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja.

Hatukuja hapa kuhukumu mtu. Twataka tuone tu kwamba orodha ya abiria ni sehemu ya meli kama vile usukani ulivyo. Orodha isiyo ya kweli huficha uzito usiku wa safari, na asubuhi ya msiba huficha idadi ya watu wa kutafutwa majini. Mtu asiyeandikwa hatafutwi. Aandikaye jina mlangoni mwa gati huenda asiujue ubaharia hata kidogo, lakini hatari ya safari i katika kalamu yake.

MIZANI YA MVUVI

Yafaa pia tumfanyie mvuvi haki. Mara nyingi twasikia ofisini kwamba wavuvi ni wakaidi, wameambiwa, wamekwenda. Lakini mvuvi naye ana mizani yake. Tuseme, kwa mfano, siku moja ya kukaa pwani yamkosesha Shs. 30,000, na ngalawa yake na nyavu zake ni mali ya Shs. 1,500,000. Gawanyeni: 30,000 ni sehemu moja ya 50. Basi kwa hesabu ya mali peke yake, yampasa akae kila nafasi ya kupoteza chombo ipitapo 1 katika 50, na iwapo ni ndogo kuliko hiyo yampasa aende. Tukitia na uhai wake, ambao hauna bei, yampasa akae hata kwa nafasi iliyo ndogo zaidi.

Lakini ikiwa nyumbani hamna unga, zile Shs. 30,000 si sehemu moja ya 50 tena. Ni chakula cha watoto cha leo. Mtu huyo akitoka baharini siku ya ilani si kwamba hakufahamu. Amefahamu hatari mbili akachagua iliyo mbali. Tukitaka akae, kumkaripia hakutafaa. Yafaa kupunguza gharama ya kukaa: kwa chama cha akiba na mikopo kimpacho kidogo siku za upepo, kwa kazi ya pwani ya kushona nyavu na kupaka chombo sifa, kwa ilani kutolewa mapema ili avue jana alichokuwa avue leo. Ilani ya siku tano humwachia nafasi ya kujipanga. Ilani ileile ikikaa siku tatu katika trei yetu, humfikia ikiwa ni habari ya kale.

YATUPASAYO

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa mpaka kijiji. Kamati ni watu, na watu huenda kwa karatasi. Twaleta basi mashauri matano, ili wanachama wayatafakari.

Kwanza, kila ilani iandikwe saa iliyopokelewa na saa iliyotolewa. Tofauti ya saa hizo mbili nayo ni hatari, tena ni ile tuwezayo kuiondoa wenyewe.

Pili, ilani isomwe yote na ifafanuliwe kwa lugha ya pwani. Msikilizaji aambiwe mambo matano: lini, wapi, yaelekea kiasi gani, itaharibu nini, na yeye afanye nini. Isiishie ubaoni, ifike sokoni penye mnada wa samaki, misikitini na makanisani, kwa wenyeviti wa vitongoji na kwa vikundi vya wavuvi, tangu Mlingotini mpaka Saadani. Na apatikane mtu wa kurudisha jibu kwamba imefika.

Tatu, tuweke daftari la mambo yaliyotokea na yaliyokaribia kutokea. Mashua iliyozama huandikwa. Mashua iliyojaa maji ikarudi kwa bahati haiandikwi, na kumbe hiyo ndiyo mwalimu aliye rahisi, kwa kuwa hufundisha bila ya kuzika mtu. Iandikwe tarehe, mahali, upepo, namna ya chombo, na kama ilani ilikuwako. Siku ambazo ilani ilitoka na hakikutokea kitu ziandikwe pia, maana bila ya hizo hakuna hesabu. Wazee waulizwe habari za zamani kabla hawajaondoka nazo.

Nne, orodha iwe ya kweli, ya watu na ya vyombo na ya nyumba za bondeni. Mkubwa akipenda hesabu ndogo, apewe hesabu ya kweli kwa adabu, tena kwa maandishi.

Tano, tusiseme kwa hakika lisilo na hakika. Tukiulizwa, "Je, kitakuja?" tusijibu "Ndiyo" ili tuogopwe, wala "Hapana" ili tupendwe. Tuseme: "Huenda kisije; lakini kikija, nyumba ile na chombo kile havitapona; kwa hiyo ondokeni leo." Watu wetu si watoto. Wamelima kwa kutazama mawingu na kusafiri kwa kungojea pepo tangu zamani; kupima nafasi wamekujua kabla yetu. Wanalolihitaji ni kuambiwa kweli mapema.

Wako watakaosema kwamba yaliyoandikwa na Mwenyezi Mungu hayana kinga. Sisi hatushindani na kudra. Lakini wazee wa pwani hawakuacha kukalafati jahazi kwa sababu ya kudra. Walilikalafati, wakangoja musimu, wakasoma dua, ndipo wakatweka tanga. Waliyajua yote mawili, tawakali na tahadhari, nao hawakuliacha moja kwa ajili ya jingine. Wakatuachia na neno fupi ambalo halishindwi na kitabu cho chote tulichokitaja jioni hii: tahadhari kabla ya athari.

Bwana Mwenyekiti, masika yana majira yake, na daftari laweza kufunguliwa kesho asubuhi. Twaomba mashauri haya matano yatiwe katika muhtasari wa mkutano, na kwamba katika mkutano ujao kila ofisi ilete hesabu ya ilani ilizozipokea na muda ilizokaa nazo mezani.